Simu Ilinitangulia

Simu yangu ina vivinjari vitatu, na kila kimoja kinanijua kwa sura yake. Cha kwanza kinanijua kama mfasiri: kamusi ninazozifungua mara arubaini kwa siku, mikataba ya watu, istilahi za dawa na za cherehani. Cha pili kinanijua kama raia: namba ya kodi, cheti cha kuzaliwa, leseni. Cha tatu kinazijua zile siku ambazo bando limebaki kidogo na malipo hayajaingia. Ningeweza kuviunganisha vyote vikawa kimoja, kama wafanyavyo watu wengi, na maisha yangekuwa mepesi zaidi. Kimoja kingenikumbukia kila kitu. Hapo ndipo ninaposita.

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi saiba kwa miaka sita huniuliza swali moja: kipi bora? Wanataka jina. Wanatarajia nizungumze juu ya kasi, juu ya betri, juu ya matangazo yanayoziba nusu ya kioo. Hayo yote yana majibu, na nitayafikia. Lakini mimi huanza kwa kuwauliza wao: simu hiyo unaitumia peke yako?

Neno kivinjari limetoka baharini. Kabla ya kompyuta, kuvinjari kulikuwa kuzunguka kwa macho makali: chombo kinachokwenda na kurudi mbele ya bandari kikiangalia nani anaingia na nani anatoka, askari wa doria, mtu apitapitaye mtaani akitafuta nafasi yake. Walioliteua neno hilo liwe jina la programu ya kusomea kurasa za intaneti walimfikiria msomaji, kwamba yeye ndiye aliyeshika usukani. Lakini chombo kinachovinjari hulinda na pia hupeleleza. Kila ninapomshauri mtu achague kipi, huwa najiuliza hapo nani anavinjari na nani anavinjariwa.

Saiba yetu ilikuwa Mwembe Tayari, Mombasa, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Kompyuta kumi na moja, feni mbili, na daftari la kuandikia saa ya kuingia na saa ya kutoka. Tulitoza shilingi moja kwa dakika. Nilianza hapo mwaka 2007, kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika. Intaneti yetu ilipanda kwenye setilaiti na kushuka, na mteja aliweza kufungua barua pepe, akaagiza chai, akainywa, ndipo nusu ya picha ya kwanza ikatokea. Waya wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009 tulidhani kompyuta zimebadilishwa usiku tukiwa tumelala.

Kwa wateja wetu intaneti ilikuwa na umbo. Ilikuwa herufi e ya buluu, imezungushiwa kitu kama pete. Hawakusema Internet Explorer. Walisema "ile e". Ukiibofya e, umeingia intaneti. Isipokuwepo e, intaneti hakuna. Mwaka 2008 tajiri wetu alichoka kulipa fundi kila wiki kuondoa virusi na zile pau za ziada zilizojibandika juu ya ukurasa hadi pakabaki kidirisha cha kuchungulia. Akaamuru kila kompyuta iwekewe Firefox na e iondolewe mbele ya macho ya watu. Siku ya kwanza mzee mmoja aliketi, akatazama, akasimama.

"Mmefunga intaneti?"

Nikamwonyesha yule mbweha wa rangi ya chungwa aliyeukumbatia ulimwengu.

"Hapana, mwanangu. Mimi nataka intaneti yenyewe, si hii ya mbweha."

Hatukuweza kumfundisha kila mteja tofauti ya barabara na gari la kupitia barabara hiyo. Tukafanya jambo rahisi zaidi: tulibadilisha maandishi yaliyokuwa chini ya yule mbweha yakasomeka "INTANETI". Malalamiko yakaisha siku ileile.

Nimeikumbuka mara nyingi hiyo e, kwa sababu haikufika Mwembe Tayari kwa bahati. Kivinjari cha kwanza kabisa kiliandikwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, mwaka 1990, nacho kilikuwa na kitu ambacho warithi wake walikipoteza: aliyekuwa akisoma ukurasa aliweza pia kuuandika mlemle ndani. Mwaka 1993 vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois wakatoa Mosaic, kilichoonyesha picha na maneno pamoja. Mmoja wao, Marc Andreessen, akaenda kuanzisha Netscape, na kwa muda Netscape ndiyo iliyokuwa lango la dunia. Microsoft wakaja na Internet Explorer mwaka 1995, wakaitoa bure, wakaifungia ndani ya Windows. Serikali ya Marekani iliwashtaki Mei 1998 kwa kutumia ukubwa wa Windows kuwabana washindani. Kesi ikaendelea, lakini soko halingojei mahakama. Netscape iliuzwa kwa AOL, na miaka michache baadaye zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji duniani walikuwa wakipitia kwenye e.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa. Aliyeshinda alilala. Toleo la sita la Internet Explorer lilitoka mwaka 2001. La saba likatoka 2006. Kwa miaka mitano mlango mkuu wa intaneti ulibaki na bawaba zilezile, na mafundi wa tovuti wakazoea kujenga nyumba zao kwa kufuata upinde wa mlango huo. Firefox, iliyochipuka kwenye msimbo ambao Netscape waliuachia umma mwaka 1998, ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2004 na ikaanza kuwaamsha. Lakini tovuti zilizokwisha kujengwa kwa ajili ya e zilibaki hivyo kwa muda mrefu.

Ndiyo sababu tuliiacha kompyuta namba 4. Kulikuwa na ofisi moja ya umma ambayo fomu zake za maombi zilifunguka vizuri kwenye Firefox, ukajaza kurasa zote sita, ukafika mwisho, na kitufe cha kutuma hakipo. Ukifungua ukurasa uleule kwa Internet Explorer, kitufe hicho hapo. Kompyuta namba 4 ilibaki na e yake, na sisi wafanyakazi tuliiita ya serikali. Siku ya mwisho ya maombi watu walipanga foleni mbele yake huku kumi nyingine zikiwa wazi. Nakumbuka baba mmoja kutoka Mariakani aliyefika saa mbili usiku na vyeti vya mwanawe ndani ya bahasha ya kaki. Tarehe ya mwisho ilikuwa inaisha saa sita usiku. Mbele yake walikuwa watu saba. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, bahasha juu ya magoti, akihesabu. Tulipata kumtuma saa sita kasoro dakika kumi na mbili, nikamchapishia karatasi ya uthibitisho, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati. Yeye hakujua kwamba huko nje kampuni zimepigana, moja imekufa, nyingine imelala, na kwamba mwanawe amesimama mahali ambapo vumbi la vita hivyo lilitua. Alijua tu kwamba kompyuta kumi hazifai na moja inafaa.

Kutoka hapo nilijifunza kwamba kuchagua kivinjari si hiari ya mtu mmoja kila mara. Wakati mwingine aliyejenga tovuti amekuchagulia. Na wakati mwingine mfuko wako ndio unaochagua.

Mama yangu anauza viazi karai na mabuyu Kisauni, nje ya nyumba, kuanzia alasiri. Simu yake ya kwanza yenye intaneti ilikuwa ya vitufe, na ndani yake mlikuwa na Opera Mini. Opera walianzia Norway, ndani ya kampuni ya simu ya Telenor, katikati ya miaka ya tisini. Opera Mini ilienea duniani mwaka 2006, na ilikuwa na ujanja ambao watu wa bando dogo waliuelewa kwa mikono yao kabla ya kuelezwa. Simu haikwendi kuchukua ukurasa yenyewe. Inaituma seva ya Opera. Seva inakwenda, inauchukua, inaupunguza, inaubana, kisha inaurudisha ukiwa mwepesi. Opera walijinadi kwamba wanapunguza hadi asilimia 90. Mama hakuwa na asilimia. Alikuwa na bando la shilingi 20 lililopaswa kufika jioni, na kwa Opera Mini lilifika.

Siku hizi ana simu ya kioo, na nilipompelekea nilitaka aanze kutumia kile kivinjari kilichokuja nayo. Alikataa. "Hicho kinakula," alisema, kama anayemzungumzia mbuzi wa jirani. Nikamweleza kwamba ule ujanja una bei yake. Ukurasa ukibanwa na seva ya watu wengine, maana yake seva hiyo imeuona. Katika ile hali ya kubana sana, hata kurasa zenye alama ya kufuli hufunguliwa njiani ili zibanwe, kisha hufungwa tena. Ni kama kumtuma mtoto wa jirani akuletee barua kutoka posta na kumruhusu aifungue bahasha ili mzigo uwe mwepesi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza viazi. "Na wakiona," akasema, "wataona nini? Mapishi, vifo, na mawaidha."

Alikuwa sahihi kwa upande wake. Mapishi, matangazo ya tanzia ya mji, na mawaidha ya Ijumaa si siri. Tulikubaliana jambo moja tu: chochote chenye neno la siri, au pesa, au ugonjwa, asikifungulie humo. Alikubali upesi, kwa kuwa pesa zake zote ziko kwenye M-Pesa ambayo haihitaji kivinjari, na magonjwa yake humwambia daktari na Mungu.

Si kila mtu ana watu wawili tu wa kuwaambia.

Wifi yangu ameniruhusu kusimulia haya, kwa sharti nisitaje jina lake wala mtaa wao. Mwaka 2021 simu ya kaka yangu ilianguka bandarini anakofanya kazi ya ukarani wa mizigo, na kwa muda wa miezi miwili simu ya mkewe ikawa simu ya nyumba. Asubuhi aliibeba yeye kaka. Jioni iliwafanyia watoto kazi za shule. Usiku sana, watu wote wakilala, ikarudi kwa mwenyewe. Katika usiku mmojawapo wifi yangu alihisi kitu kwenye titi la kushoto, kigumu, kidogo kama punje ya mbaazi. Hakikuuma. Hakumwambia mtu. Alilala nacho siku nne, kisha akaandika kwenye simu, kwa Kiswahili, herufi kwa herufi: uvimbe kwenye titi bila maumivu.

Alisoma alichosoma. Nusu ya kurasa zilikuwa zinauza mizizi. Nusu nyingine zilimtisha. Alifunga, akaweka simu chini ya mto. Alikuwa amepanga: atakwenda kliniki Jumatatu, peke yake, atapata jibu, kisha atajua namna ya kumwambia mumewe. Mama yake mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo. Alitaka kwanza awe na jibu mkononi, asimpe mtu hofu tupu.

Ijumaa asubuhi, bandarini, kaka yangu alitaka kuangalia ushuru wa mzigo fulani. Akafungua kivinjari, akagusa mahali pa kuandikia, akaandika herufi u. Kabla hajafika kwenye sh, simu ikamsaidia. Chini ya kidole chake ikamwekea, kwa adabu kabisa, yale maneno matano.

Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hakufoka. Alisimama mlangoni na simu mkononi akamuuliza, "Hii ni ya nani?" Naye akajua.

Walikwenda hospitali pamoja Jumatatu. Uvimbe ule haukuwa saratani. Ulitolewa, na leo ni kovu dogo ambalo anasema humkumbusha hali ya hewa. Mtu anaweza kusema basi simu ilifanya jema: ilimleta mume, ikamwondolea mke upweke wa siku tatu. Kaka yangu anasema hivyo hasa. Nilipomwuliza wifi yangu, alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua mchele.

"Ningemwambia mwenyewe," alisema. "Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga. Simu ilinitangulia."

Hilo ndilo ninalolifikiria ninapoulizwa kivinjari kipi. Kumbukumbu ya kivinjari haikuundwa kwa ubaya. Ilitakiwa kukuokolea herufi. Hata kidakuzi, neno ambalo kila nikilisikia namwona golikipa akidaka mpira, kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape ili tovuti iweze kumkumbuka mgeni wake kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, isianze upya kila mara kana kwamba hawajaonana. Bila hicho huwezi kutia kitu kwenye kikapu cha duka la mtandaoni kikakaa. Tatizo ni kwamba waliobuni kumbukumbu hizi walimwona mbele yao mtu mmoja mwenye kompyuta moja. Hawakuwaona kaka yangu, mkewe, watoto watatu na simu moja.

Dawa ipo, na ni kongwe kuliko watu wanavyodhani. Safari cha Apple kilikuwa na hali ya faragha tangu 2005. Chrome kilizaliwa Septemba 2008 kikiwa nayo tayari. Kwa Kiswahili wameiita hali fiche. Firefox na Internet Explorer wakafuata mwaka 2009. Ukifungua kichupo fiche, unayoyasoma humo hayaandikwi kwenye historia ya simu, na ukikifunga vidakuzi vyake vinafutwa. Wifi yangu hakuwa amewahi kukiona. Kipo ndani ya vidoti vitatu pembeni, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumtuma aende.

Nilimwonyesha, na nikamweleza pia mwisho wa kinga hiyo, kwa sababu kinga isiyoelezwa mipaka yake ni mtego. Hali fiche inakuficha machoni pa watu wa nyumbani. Haikufichi kwa kampuni ya simu inayokupa intaneti, wala kwa tovuti unayoitembelea, na ukiingia kwenye akaunti yako ukiwa humo, umejitambulisha mwenyewe. Watumiaji wa Marekani waliishtaki Google mwaka 2020 wakisema waliaminishwa kwamba katika hali fiche hawafuatwi, kumbe bado wanafuatwa. Mwaka 2024 Google ilikubali, katika suluhu ya kesi hiyo, kufuta mabilioni ya kumbukumbu na kuyarekebisha maelezo yake.

Wifi yangu aliuliza swali la mtu mwenye akili. "Hao wa mbali wananijua kwa jina?"

Nikasema pengine hawana haja na jina. Wana haja ya kujua kwamba kuna mwanamke, Mombasa, usiku wa manane, ameuliza juu ya titi.

"Basi hao si mume wangu," akasema. "Nianze na wa karibu."

Nimetamani kuliandika jibu hilo ukutani kwa wote wanaobishana juu ya faragha. Wataalamu huanza na mashirika makubwa, na wana sababu. Lakini mtu huanza na yule anayelala naye chumba kimoja, na yule anayemkagua, na mtoto anayeweza kubofya kitu asichokielewa. Ukimpa mwanamke kivinjari kinachozuia wafuatiliaji elfu wa ng'ambo lakini kinamkumbusha mumewe alichosoma jana, humjamsaidia kitu.

Basi tukachagua. Kwenye simu yake tuliacha Chrome iliyokuja nayo, kwa kazi za watoto na mambo ya nyumba nzima. Pembeni tukaweka Firefox Focus, ambacho ni kivinjari chepesi kisichotunza historia kabisa; kina kitufe kimoja cha kufuta, ukikigusa kila kitu kinakwenda, na kinazuia wafuatiliaji wengi bila kuombwa. Nilipenda urahisi wake. Hakuna cha kukumbuka kuwasha. Mtu mwenye hofu hakumbuki kuwasha kitu.

Kwangu mimi, kazi ya kila siku inafanyika kwenye Firefox, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uBlock Origin, kiendelezi kinachozuia matangazo. Kwa mtu anayelipia kila megabaiti, tangazo la video linalojicheza lenyewe ni mkono ndani ya mfuko wake. Google walibadilisha kanuni za viendelezi kwenye Chrome, na uBlock Origin kama tulivyoizoea ikaondolewa humo. Kimebaki kiendelezi kidogo cha jina hilo, chenye nguvu pungufu. Kwenye Firefox bado kinafanya kazi yote, hata kwenye simu ya Android.

Sababu ya pili inahusu matatu. Simama Mwembe Tayari saa kumi na moja jioni uzitazame. Moja ina picha ya mchezaji mpira, nyingine ina maneno ya dini, ya tatu imejaa taa za zambarau na muziki unaotikisa vioo. Unachagua kwa rangi, kwa muziki, kwa makanga anayejua kuongea. Fungua boneti: karibu zote ni Toyota moja. Vivinjari vya leo viko hivyohivyo. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi, na kile cha simu za Samsung, vyote vimejengwa juu ya Chromium, msimbo ambao Google ndiye mjenzi wake mkuu. Opera waliacha injini yao wenyewe mwaka 2013. Microsoft, walewale wa ile e, walikubali yaishe: Edge mpya ya Januari 2020 ikatoka na injini ya Chromium, na Internet Explorer 11 ikastaafishwa Juni 2022. Chrome peke yake hubeba takriban theluthi mbili ya safari zote duniani. Injini zilizobaki nje ya ukoo huo na bado zinatumiwa na watu wengi ni mbili: WebKit ya Apple, na Gecko ya Firefox.

Nami nimewahi kuona injini moja ikitawala. Nilikuwa nimesimama kando ya kompyuta namba 4.

Mwishoni mwa mwaka jana, nilipokuwa nikijaza fomu kwenye tovuti ya taasisi nyingine kabisa, Firefox yangu ilifika ukurasa wa mwisho na kitufe hakipo. Nikafungua Chrome. Kitufe hicho hapo. Ndiyo sababu kivinjari cha pili hakiondoki kwenye simu yangu.

Sitaki kumchora mbweha kama malaika. Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla, wanaotengeneza Firefox, hutoka Google, kwa malipo ya kuifanya iwe injini ya kutafutia ya mwanzo ndani yake. Mlinzi wa mtaa analipwa na nyumba anayotakiwa kuichunga. Mwaka 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google imeshikilia ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria, na katika kesi hiyo ilidhihirika kwamba mwaka 2021 pekee kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la mwanzo kwenye simu na vivinjari vya watu. Fikiria kiasi hicho kinavyosema juu yetu. Kinasema kwamba wengi hatuchagui. Tunachukua kilichowekwa mbele, kama wateja wetu walivyoibofya e, na kama walivyombofya mbweha tulipomwandikia "INTANETI".

Ulaya walijaribu kulazimisha chaguo. Kuanzia 2010 mtumiaji wa Windows huko aliwekewa orodha ya vivinjari achague mwenyewe, na Microsoft ilipoacha kuionyesha kwa muda, ilitozwa faini ya euro milioni 561 mwaka 2013. Simu niliyomnunulia mama haikumuuliza chochote. Ilikuja na jibu.

Kwa hiyo akija mtu kuniuliza kipi bora, na akishaniambia simu ni ya nani, na bando ni la kiasi gani, na anafungua nini usiku, mara nyingi tunaishia na viwili. Kimoja cha kukumbuka, kimoja cha kusahau. Nywila muhimu haziachwi kwenye simu ya watu wengi. Na kabla hajaondoka namwonyesha vile vidoti vitatu.

Kaka yangu alinunua simu mpya zamani. Ya wifi yangu ni yake peke yake sasa, ingawa watoto bado huiomba. Juzi nilikuwa kwao, tukisubiri wali ukauke, akanionyesha kitu. Alikuwa amefungua historia ya Chrome. Biriani ya nyama bila mtindi. Mitihani ya darasa la sita. Bei ya godoro la sita kwa sita. Mishono ya dera.

"Unaona ilivyopangika?" akaniuliza.

Nikasema naona. Nikamwuliza kama hafuti.

"Nafuta," alisema. "Lakini sifuti yote, wifi. Ikionekana tupu, mtu atauliza kulikuwa na nini." Akagusa alama ndogo pembeni ya mstari mmoja, mstari ukaondoka, na biriani ikapanda juu kujaza nafasi yake. Sikuuliza ulikuwa unasema nini.